Vitu vya Kuchezea vya Mtoto Mchanga: Vinavyomfaa na Vinavyomhatarisha

Haya ni maelezo yaliyoandaliwa kwa wazazi wanaohudhuria kliniki za mama na mtoto katika Kaunti ya Kilifi. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili yawafikie pia wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

 

Foleni ya chanjo huwa ndefu na watoto hawana subira, kwa hivyo mazungumzo haya yataingia moja kwa moja kwenye mada yake.

Mtoto anapozaliwa, nyumba hujaa wageni. Mkono mtupu haulambwi, na kila anayekuja kumpa mama hongera huja na chochote alichojaliwa: sabuni, leso, nepi, unga wa uji. Siku hizi huja pia na vitu vya kuchezea. Kuna mwanasesere mwenye manyoya mengi, simu ya plastiki inayoimba, na gari dogo linalowaka taa. Vingine hununuliwa dukani, vingine kando ya stendi za matatu pale Mtwapa, Mariakani na Malindi, na vingine hutoka kwenye marundo ya mitumba ya Kongowea. Aliyeleta ana nia njema. Lakini je, kitu hicho kinamfaa mtoto wa wiki mbili? Na yule mzazi ambaye hakuletewa kitu wala hana pesa ya kununua, mtoto wake atabaki nyuma ya wenzake?

Swali hilo la pili lijibiwe kwanza, kwa sababu linawaumiza wazazi wengi kimyakimya. Hapana, hatabaki nyuma. Kwa wiki za mwanzo, mtoto mchanga hahitaji kitu chochote kinachouzwa dukani ili akili yake ikue. Anachohitaji ni mtu wa kumtazama, kumsemesha na kumjibu. Vitu vya kuchezea hufuata baadaye, na vikishafika, la kwanza la kuangalia ni usalama wake. Uzuri na bei vitakuja nyuma.

Mtoto mchanga anaona nini, anasikia nini

Mtoto aliyezaliwa juzi haoni mbali. Huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi kutoka machoni pake. Huo ndio umbali uliopo kati ya uso wa mama na uso wa mtoto anaponyonya. Kinachomvutia zaidi kukitazama ni uso wa binadamu, unaosogea, unaocheka, unaofumba na kufumbua macho. Kwa hivyo mama anayemnyonyesha huku akimtazama na kumwongelesha tayari anacheza naye.

Kuhusu rangi, macho ya mtoto mchanga hupendelea vitu vinavyotofautiana waziwazi, kama vile cheusi kwenye cheupe. Rangi hafifu, zile za waridi na samawati zinazopendwa sana madukani, bado hazimvutii. Hapa watu wa Pwani wana bahati. Leso ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina kila kitu ambacho jicho la mtoto mchanga linatafuta. Nyanya akiitandaza begani na kumwinamia mjukuu, mtoto atakaza macho kwenye ile michoro. Leso hiyo aliyonayo nyanya sandukuni inafaa kuliko picha nyingi zinazouzwa kwa bei ghali.

Masikio nayo yalianza kazi mapema. Mtoto husikia angali tumboni, na anapozaliwa tayari anaifahamu sauti ya mama yake. Sauti ya baba pia huizoea haraka akiisikia kila siku. Baba anayesubiri mtoto akue ndipo acheze naye amekosa miezi mingi. Amshike, amwambie habari za kazini, amwimbie, na mtoto akitoa sauti ya kuguna, baba naye aitikie, kisha anyamaze ampe nafasi ya kuguna tena. Mazungumzo huanzia hapo, na Kigiriama, Kichonyi, Kiduruma au Kiswahili vyote vinafaa sawa.

Kuhusu mikono, ukimwekea mtoto mchanga kidole kiganjani, atakishika kwa nguvu. Wengi hufikiri anataka kitu cha kushika. Ukweli ni kwamba mwili wake hufanya hivyo wenyewe, na hawezi bado kuamua kukiachia. Akipewa kitu kigumu atajipiga nacho usoni. Kidole cha mzazi kinamtosha.

Kufuata safari za kliniki

Njia rahisi ya kukumbuka kinachomfaa mtoto ni kufuata tarehe za kliniki. Katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, mbali na ukurasa wa chanjo, kuna ukurasa unaoonyesha hatua za ukuaji. Wazazi wengi huupita bila kuusoma. Ni vyema kuufungua.

Tangu kuzaliwa hadi chanjo ya wiki ya 6: uso, sauti, wimbo, kubebwa na kubembelezwa. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 mtoto huanza kutabasamu akitabasamiwa. Kitu cha kuchezea hakihitajiki.

Kati ya wiki ya 6 na ya 14: shingo inaendelea kukaza. Katika mwezi wa pili na wa tatu mtoto huanza kugeukia upande sauti inakotoka na kunyoosha mkono kukifuata kitu anachokiona. Sasa mzazi anaweza kusogeza kitu cha rangi kali polepole mbele yake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, au kutikisa kayamba dogo kwa sauti ya chini upande wa kulia kisha wa kushoto. Kitu kinakuwa mkononi mwa mzazi, mtoto anatazama na kusikiliza. Akiwa macho na mzazi yuko karibu, alazwe kifudifudi kwa dakika chache juu ya mkeka safi ili ajifunze kuinua kichwa.

Kuanzia mwezi wa 4 hadi safari ya mwezi wa 6 ya vitamini A: mtoto anashika, anavuta, na kila anachokishika kinakwenda mdomoni. Huko mdomoni ndiko anakochunguzia mambo. Ampewe kitu kikubwa kuliko mdomo wake, chepesi, laini pembeni, kinachooshwa kwa sabuni na maji. Akianza kuketi, kijiko cha mti na bakuli la plastiki gumu vitamfurahisha kutwa.

Michezo hii midogo ina faida nyingine ambayo ni kubwa kuliko furaha. Mzazi anayetikisa kayamba kila siku ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto hageuki kwa sauti. Anayesogeza leso mbele ya macho ya mtoto ndiye wa kwanza kuona kwamba jicho moja halifuati, au kwamba mboni ya jicho inang'aa nyeupe badala ya kuwa nyeusi. Dalili kama hizo zisingoje tarehe ya kliniki inayofuata. Mtoto aletwe mara moja. Matatizo ya masikio na macho yakigunduliwa mapema, msaada hupatikana mapema. Mboni inayong'aa nyeupe inaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, na hapo kuchelewa kunaweza kugharimu maisha.

Vitu vya kutengeneza nyumbani

Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake kwa wahudumu wa afya kuhusu malezi ya watoto wadogo, linahimiza vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Katika kaunti hii vifaa havikosekani.

Mpira wa matambara. Vipande vya leso au kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani vioshwe, vishindiliwe ndani ya kipande kimoja cha pamba na kushonwa kwa uzi imara. Uwe mkubwa kama chungwa. Usiwekwe vifungo, shanga wala macho ya plastiki. Kama ni mwanasesere wa kitambaa, macho na mdomo vichorwe kwa uzi.

Kayamba la chupa. Chupa ndogo ya plastiki isiyowahi kuwekwa dawa, mafuta taa wala sabuni, ioshwe na ikaushwe. Zitiwe kunde au mahindi machache, kifuniko kikazwe kwa gundi, kisha juu yake kifungwe na kushonewa kitambaa. Kayamba hili ni la mzazi kulitikisa, si la kuachiwa mtoto. Chupa ikipata ufa tu, itupwe, kwa sababu kunde moja inatosha kuziba njia ya hewa.

Kitambaa cha kujificha. Mzazi anajifunika leso usoni, anaifunua, anacheka. Kwa mtoto wa miezi 5 au 6 hakuna mchezo unaopita huo.

Kila kitu kioshwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani, na kioshwe tena kikianguka chini au kikichezewa na mtoto mwingine. Kuhara huanza kwa uchafu mdogo.

Vinavyoua

Sehemu hii inasemwa bila kuficha kwa sababu ajali za namna hii hutokea nyumbani, mchana, watu wazima wakiwa chumba kimoja na mtoto.

Vitu vidogo. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba sana. Kipimo rahisi ni kile kipande cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya choo inapokwisha. Kitu chochote kinachopita ndani ya tundu lake kisimfikie mtoto wa chini ya miaka 3. Sarafu, vifungo, shanga, magurudumu ya magari madogo na vipande vya puto viko katika kundi hilo. Puto lililopasuka ni hatari mno, kwani mpira wake hunata kooni na ni vigumu kuutoa.

Betri ndogo za duara. Hizi ni zile bapa zinazong'aa kama sarafu. Zimo ndani ya vitu vinavyoimba na kuwaka taa, rimoti ndogo, saa, funguo za gari na kadi za muziki. Betri hiyo ikikwama kwenye koo la mtoto, inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2. Haingoji ionjwe kama sumu. Umeme wake wenyewe ndio unaounguza, na hata betri iliyokwisha nguvu inaweza kudhuru. Kitu chenye betri ambayo kifuniko chake hakikufungwa kwa skrubu kisiingie katika nyumba yenye mtoto. Mtoto akishukiwa kumeza betri, asitapishwe. Akimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima, na daktari aambiwe wazi kwamba ni betri.

Kamba na nyuzi. Kitu cha kuchezea kisifungwe kwa kamba shingoni mwa mtoto, wala kisining'inizwe kwa kamba ndefu mahali anapolala. Familia nyingi humfunga mtoto ushanga au hirizi. Kila nyumba ina desturi zake na mazungumzo haya hayakuja kuzivunja. Kinachoombwa ni kwamba shingo iachwe wazi, hasa wakati wa kulala, na uzi wa mkononi ukaguliwe mara kwa mara usije ukakatika na shanga zikaishia mdomoni.

Vitu laini kitandani. Mwanasesere wa manyoya, mto na blanketi zito vinaweza kumziba mtoto pua, naye hana nguvu za kuvisukuma. Katika mwaka wa kwanza mtoto alale chali, juu ya godoro lisilobonyea sana, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, bila kitu cha kuchezea kando yake. Zawadi ya manyoya iwekwe kabatini hadi akue.

Mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini vitu vya kuchezea bado huja vimefungwa kwa plastiki nyepesi. Ikifunguliwa itupwe papo hapo, isiachwe sakafuni.

Rangi yenye risasi. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto taratibu, na madhara yake hayafutiki. Mombasa kuna kijiji cha Owino Uhuru, ambako wakazi waliathirika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu. Kiasi kinachotoka kwenye kitu cha kuchezea ni kidogo kuliko cha kiwanda, lakini mtoto hukilamba kila siku. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, na vitu vya zamani au visivyojulikana vilikotengenezwa huenda vimezidi hapo. Rangi inayobanduka ikikwaruzwa kwa ukucha ni sababu tosha ya kukirudisha kitu kwa muuzaji.

Ukiwa dukani au sokoni

Mzazi anayetaka kununua, au shangazi anayetafuta zawadi, akishike kitu mkononi kabla ya kulipa. Avute macho, magurudumu na mikia aone kama vinang'oka. Apitishe kidole pembeni aone kama panakata. Akinuse, harufu kali ya rangi au mafuta si dalili njema. Kikiwa cha kutoa sauti, akiweke karibu na sikio lake mwenyewe, kwani sauti inayomkera mtu mzima inaumiza sikio la mtoto. Asome umri ulioandikwa kwenye boksi. Maneno "miaka 3 na zaidi" hayapimi akili ya mtoto. Yanaonya kwamba ndani kuna vipande vidogo.

Atafute pia alama ya ubora ya KEBS, au kibandiko chake cha bidhaa zinazotoka nje ya nchi. Vya mitumba vinaweza kufaa vikiwa vya kitambaa imara au plastiki nzima, baada ya kukaguliwa hivyo hivyo na kuoshwa. Kilichovunjika kisinunuliwe kwa sababu ni rahisi.

Kuna zawadi mbili ambazo hupewa wazazi mapema mno. Ya kwanza ni kile kigari cha magurudumu cha kumfunzia mtoto kutembea. Katika nyumba nyingi jiko la makaa au la mafuta huwekwa chini, na kigari humfikisha mtoto kwenye jiko au ngazi kabla ya mtu kuinuka. Canada ilikipiga marufuku mwaka wa 2004. Ya pili ni simu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya simu wala televisheni. Katuni humnyamazisha, ni kweli, lakini haimjibu anapoguna.

Mtoto akikabwa

Kama mtoto wa chini ya mwaka mmoja anakohoa kwa nguvu au analia, aachwe akohoe huku akiangaliwa. Kama hawezi kulia, hawezi kupumua, au midomo inageuka rangi, hatua ni hizi:

1. Alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mzazi, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya likiwa limeshikiliwa.
2. Apigwe mapigo 5 imara kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja.
3. Kitu kisipotoka, ageuzwe chali, na kwa vidole viwili abonyezwe mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu.
4. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu mpaka kitu kitoke, huku mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Mtoto akipoteza fahamu, aanze kufufuliwa na aliyefunzwa huduma ya kwanza, na safari ya hospitali isingoje.

Asibonyezwe tumbo. Asishikwe miguu akaning'inizwa. Kidole kisiingizwe mdomoni kukitafuta kitu kisichoonekana, kwa sababu kitakisukuma ndani zaidi. Hata kitu kikitoka, mtoto apelekwe akaangaliwe.

Ni vizuri hatua hizi zijulikane na kila anayebaki na mtoto: nyanya, dada wa kazi, kaka mkubwa. Muuguzi wa kliniki anaweza kuzionyesha kwa kutumia mwanasesere, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani anaweza kuulizwa. Hakuna swali la kuonea haya.

Wazazi wenye shaka kuhusu kitu walichopewa wakibebe katika safari ijayo ya kliniki, kitazamwe pamoja na muuguzi. Na leo jioni, kabla ya taa kuzimwa, kila nyumba yenye mtoto mchanga ikague mahali anapolala: kilicho laini kiondolewe, kilicho kidogo kiokotwe, rimoti na funguo ziwekwe juu. Kisha mtoto ashikwe, asogezwe karibu na uso, na asemeshwe kidogo kabla hajalala.

 Sasa wenye kadi za wiki ya 6 wasogee mbele.